Kutoka panya wa Caen hadi gunia la Kitale: mtaalamu aulizwe nini?

Machi 2025, Mahakama ya Rufaa jijini Nairobi iliizuia serikali kuingiza nchini na kusambaza mazao ya GMO, yaani yaliyobadilishwa vinasaba, hadi rufaa ya kupinga kuondolewa kwa marufuku ya mazao hayo, iliyowasilishwa na chama cha wakulima wadogo, Kenya Peasants League, isikizwe na kuamuliwa. Kabla wino haujakauka, kambi mbili zilikuwa zimekwisha kuisoma amri hiyo kila moja kwa miwani yake. Wanaoipinga GMO walishangilia kana kwamba majaji wameyapima mahindi hayo wakakuta sumu. Wanaoitetea, wakiwamo watafiti ninaowaheshimu, walilalamika kwamba mawakili wamewapokonya wanasayansi kazi yao. Amri ya muda haisemi lolote kati ya hayo. Kazi yake ni kuzuia jambo lisitendeke na kuwa vigumu kutenduka kabla pande zote hazijasikizwa. Hata hivyo, makosa hayo mawili ya usomaji yana mzizi mmoja, na mzizi huo ni wa zamani kuliko kesi yenyewe.

Hoja yangu ni kwamba mvutano huu, ambao sasa umepita miaka kumi na miwili, tumeuita ugomvi kati ya sayansi na ujinga ilhali kinachogombaniwa hasa ni swali gani mtaalamu aulizwe, na nani abebe mzigo wa uamuzi baada ya jibu lake. Mara mbili, mwaka 2012 na mwaka 2022, serikali ilichukua maneno ya wataalamu ikayafanya ngao ya uamuzi wa kisiasa: mara ya kwanza kuufunga mlango, mara ya pili kuufungua. Kosa ni lile lile, ingawa wengi wetu tumelipigia makofi moja na kulizomea jingine kulingana na upande tuliomo.

Tuanze na mwaka 2012, kwa kuwa hapo ndipo fundo lilipofungwa. Kenya ilikuwa na sheria ya usalama wa kibayolojia ya mwaka 2009 na, chini yake, Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia, chombo kilichopewa kazi ya kupokea ombi la anayetaka kuleta, kujaribu au kupanda mazao yaliyobadilishwa vinasaba, kupima hatari zake, kusikia maoni ya umma, kisha kutoa kibali au kukinyima. Septemba mwaka huo, timu ya Gilles-Éric Séralini wa Chuo Kikuu cha Caen, Ufaransa, ilichapisha utafiti uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO kwa miaka miwili walipata uvimbe mkubwa na kufa mapema. Picha za panya wenye mabonge ubavuni zilizunguka dunia nzima. Wajuzi wa takwimu walipoukagua utafiti huo waliona ufa upesi: makundi 20 ya panya kumi kumi, na panya wenyewe ni wa ukoo wa Sprague-Dawley, ambao hata wakilishwa chakula cha kawaida hupata uvimbe kwa wingi wanapokaribia umri huo. Kwa kundi la panya kumi wa ukoo kama huo, ni vigumu mno kutenganisha kilicholetwa na mahindi na kilicholetwa na uzee.

Novemba 2012, Baraza la Mawaziri chini ya Rais Mwai Kibaki lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, na Waziri wa Afya ya Umma wa wakati huo, Beth Mugo, akaitangaza marufuku hiyo. Mamlaka iliyoundwa na sheria kwa kazi hiyo hiyo ilirukwa. Siku chache baada ya tangazo, chombo cha Ulaya cha usalama wa chakula, EFSA, kilitoa tathmini yake ya mwisho kwamba utafiti huo haukuwa na uzito wa kisayansi wa kubadilisha tathmini zilizotangulia. Novemba 2013, jarida lililouchapisha likaufuta. Ulichapishwa upya na jarida jingine mwaka 2014, lakini data zilikuwa zile zile na kasoro zake zile zile. Marufuku ya Kenya ikabaki palepale.

Simlaumu waziri kwa kuogopa. Serikali inayosikia neno saratani likitajwa pamoja na chakula ambacho wananchi wake hula mchana na usiku ina haki ya kusimama kwanza na kuuliza. Kusimama kwa tahadhari ni uamuzi halali wa kisiasa, na angeweza kuutetea kwa jina hilo: tumesikia jambo la kutisha, hatujui kama ni kweli, tunazuia kwa miezi kadhaa huku chombo chetu kikichunguza. Kilichofanyika ni tofauti. Utafiti mmoja, ambao ulikuwa umeanza kupigwa maswali na wanasayansi wengine tangu wiki ulipotoka, ulitwishwa uzito wote, na woga wa kisiasa ukavalishwa joho la sayansi. Madhara yake ni kwamba utafiti ulipoanguka, hapakuwa na mtu mwenye wajibu wa kurudi kuuangalia uamuzi.

Mwaka 2022 joho hilo hilo liligeuzwa nje ndani. Misimu minne mfululizo ya mvua ilikuwa imekosekana katika maeneo kame, mifugo ilikuwa inakufa, na Rais William Ruto alikuwa ameapishwa wiki tatu tu zilizopita. Tarehe 3 Oktoba Baraza la Mawaziri liliondoa marufuku, likieleza kwamba limezingatia ripoti za wataalamu na za taasisi kama Shirika la Afya Duniani, FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa), EFSA na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Orodha hiyo haina kasoro. Taasisi hizo zina sifa, na walichokisema kuhusu usalama wa vyakula vya GMO vilivyokwisha kupimwa na kuingia sokoni ndicho wanachokisema wataalamu wengi duniani. Ila hakuna hata moja kati yao iliyoulizwa kama Kenya ilete mahindi mwezi wa Novemba.

Maana Novemba ndipo waziri wa biashara, Moses Kuria, alipotangaza mpango wa kuingiza magunia milioni 10 ya mahindi bila ushuru, ya GMO na yasiyo ya GMO, wakati wakulima wa North Rift walikuwa shambani wakivuna. Alipoulizwa kuhusu hofu za wananchi, alijibu kwa maana ya kwamba Kenya ina mambo mengi ya kumuua mtu, na hakuna ubaya GMO ikiongezwa kwenye orodha. Wengi walikumbuka utani huo mbaya kuliko idadi ya magunia, nami nadhani walikosea. Magunia ndiyo yaliyokuwa sera. Mkulima wa Kitale aliyekuwa anaanika mahindi kwenye turubai huku bei ikiyumba alikuwa na malalamiko ambayo hakuna maabara inayoweza kuyajibu, lakini kila alipofungua kinywa aliambiwa kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha usalama. Aliuliza bei, akajibiwa panya.

Niliwahi kushuhudia jambo hilo kwa udogo wake. Nilikuwa nimekaa nyuma ya ukumbi wa kanisa huko Trans Nzoia, kwenye mkutano wa kuwaelimisha wakulima kuhusu mahindi ya Bt, yale yaliyotiwa kinasaba cha bakteria wa udongoni ili yajikinge na bungua, kiwavi anayelitoboa bua kutoka ndani. Mama mmoja aliyeshika daftari la shule alisimama akauliza, “Daktari, nikishavuna, naweza kuweka gorogoro mbili niwe na mbegu mwakani?” Mtaalamu, kijana mwenye adabu na elimu yake, alimjibu, “Mama, usiwe na wasiwasi, ni salama kabisa,” kisha akarudi kwenye slaidi zake. Yule mama akaketi. Swali lake lilikuwa na jibu jepesi: mahindi hayo yanauzwa yakiwa chotara, na ukirudia mbegu ya chotara nguvu yake hupungua, kama anavyojua kila aliyewahi kurudia mbegu ya chotara ya H614 kutoka ghalani kwake. Angeweza pia kuambiwa kwamba katika mpango unaosimamiwa na AATF, taasisi ya teknolojia ya kilimo yenye makao Nairobi, kampuni za mbegu hazitozwi mrabaha kwa kinasaba hicho zinapowauzia wakulima wadogo. Habari hizo mbili zingempa kitu cha kupigia hesabu. Badala yake alipewa jibu la swali ambalo mtaalamu alikuja amejiandaa kulijibu.

Sasa, sayansi inasema nini hasa? Mwaka 2016 akademia za kitaifa za sayansi za Marekani zilitoa mapitio makubwa ya mamia ya tafiti. Hazikukuta ushahidi thabiti kwamba vyakula vya GMO vilivyoko sokoni vina hatari zaidi kwa afya ya binadamu kuliko vya kawaida. Sehemu hiyo hunukuliwa kila mahali. Isiyonukuliwa mara nyingi ni ile inayosema kwamba takwimu za kitaifa za Marekani hazikuonyesha kwamba mazao hayo yaliongeza kasi ya ukuaji wa mavuno, na kwamba magugu yaliyozoea dawa yamekuwa tatizo kubwa la kilimo. Ni wataalamu wale wale, katika ripoti ile ile. Anayechukua nusu ya kwanza na kuiacha ya pili hajawasikiliza wataalamu. Amechuma kwao alichokitaka.

Kwa upande wa hatari, mtaalamu mzuri hutusaidia kwa kulinganisha, na hapa wapinzani wa GMO wana la kujibu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na maeneo jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi ya kawaida kabisa, yaliyolimwa kwa mbegu za kawaida na kuhifadhiwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu na kujaa sumukuvu, ile wengi waiitayo aflatoksini. Hakuna tukio la GMO duniani linalokaribia hilo. Ukitaka kujua ni nini kitakachomdhuru mlaji wa ugali Kenya, ushahidi unakupeleka kwenye ghala na kwenye kipimo cha unyevu kabla haujakupeleka kwenye vinasaba. Kwa miaka kumi tulikuwa na marufuku dhidi ya hatari ambayo haijathibitishwa, huku ile iliyokwisha kutuzikia watu ikibishaniwa kwa sauti ndogo zaidi.

Lakini usalama wa mlaji haumalizi shauri. Burkina Faso ilianza kulima pamba ya Bt kibiashara mwaka 2008. Viwavi walipungua, dawa za kupuliza zilipungua, wataalamu wa wadudu walipata walichokitabiri. Ila nyuzi za pamba hiyo zilikuwa fupi kuliko zile zilizoipa nchi hiyo jina kwenye soko la dunia, kampuni za pamba zikapata hasara, na kuanzia 2016 nchi ikairudia mbegu ya zamani. Hapakuwa na aliyeugua. Afrika Kusini nako, mwaka 2007 iliripotiwa kwamba bungua wameanza kuizoea sumu ya mahindi ya Bt, sababu mojawapo ikiwa wakulima kutotenga kipande cha shamba cha mahindi ya kawaida, ambako bungua wasio na usugu huendelea kuzaana. Mkulima mkubwa anaweza kuamriwa atenge kipande hicho. Mwenye nusu eka inayolisha watoto watano ataambiwaje aache sehemu yake iliwe na wadudu kwa faida ya jirani zake na ya miaka ijayo? Mtaalamu wa wadudu anaweza kueleza usugu unavyoenea. Nani alipie kipande hicho ni swali la bajeti, na bajeti ni siasa.

Wapo wanaosema, na hoja yao ina nguvu, kwamba mambo haya waachiwe wataalamu peke yao. Majaji hawakusomea vinasaba, wabunge hufuata upepo, na kila mwaka wa kesi ni mwaka wa bungua kula mahindi. Oktoba 2023, mahakama ya mazingira ilipoitupa kesi ya Chama cha Wanasheria cha Kenya ya kupinga kuondolewa kwa marufuku, jaji alielekea upande huo aliposema kimsingi kwamba taifa lililounda taasisi za kulinda usalama wa chakula halina budi kuziamini. Nakubaliana naye kwa swali la usalama. Mwananchi hawezi kurudia majaribio ya panya jikoni kwake, na kuamini taasisi ndiyo njia pekee ya kuishi pamoja na elimu nyingi kuliko zinazoweza kuingia katika kichwa kimoja. Hoja hiyo hukwama pale inapotaka imani hiyo ienee hadi kwenye maswali ambayo taasisi hizo hazikuulizwa. Itifaki ya Cartagena kuhusu usalama wa kibayolojia, ambayo Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuitia saini, hapa hapa Nairobi Mei 2000, inaziruhusu nchi kuzingatia athari za kijamii na kiuchumi zinapoamua kuhusu uingizaji, na Katiba ya 2010 inaweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya utawala. Mkulima anayekwenda mahakamani kudai asikizwe anadai kitu kilichoandikwa.

Upande wa pili hoja nzito ni tahadhari: kwamba mbegu ikishatawanyika haikusanyiki. Hiyo ni hoja ya kweli na inastahili kujibiwa zao kwa zao, kwa kuwa mahindi hupeperusha chavua na mihogo huzaliwa kwa vipande vya shina. Hoja dhaifu, na ndiyo inayopendwa zaidi mitandaoni, ni kwamba wataalamu wote wamenunuliwa. Ni kweli kwamba mradi wa mahindi ya Bt katika ukanda huu ulifadhiliwa na wakfu wa Gates na kushirikisha Monsanto, ambayo tangu 2018 iko chini ya Bayer, na ni haki ya mwananchi kutajiwa jambo hilo kabla ya slaidi ya kwanza. Ila anayeitumia hoja hiyo kama rungu ajiulize kuhusu utafiti wa Caen, ambao nao ulikuwa na wafadhili wenye maslahi, wakiwamo wafanyabiashara wakubwa wa maduka ya vyakula. Kama fedha pekee ndiyo kipimo, tafiti zote mbili zianguke na tubaki na uvumi, ambao nao una wenyewe. Mfadhili hutuambia tukague wapi kwa makini zaidi. Idadi ya panya katika kundi ndiyo hutuambia kama matokeo yanasimama.

Majirani zetu wanatupa mifano miwili ya kutazama. Tanzania ilikuwa imeanza majaribio ya mahindi ya GMO Makutupora, Dodoma, mwaka 2016; Novemba 2018 serikali iliamuru yasitishwe na mabaki yateketezwe, na Januari 2021 waziri wa kilimo akatangaza tena kusitisha tafiti za GMO. Nchi ina haki kamili ya kuikataa mbegu. Kuteketeza shamba la majaribio, hata hivyo, ni kumfunga kinywa shahidi kabla hajaapishwa, kwa sababu mtafiti wa Tanzania ndiye pekee ambaye angeweza kusema mahindi hayo yanafanyaje katika jua la Dodoma. Uganda ilipita njia nyingine. Rais Museveni alikataa mara mbili kutia saini muswada wa usalama wa kibayolojia uliopitishwa na Bunge, lakini Desemba 2017 aliandika sababu zake: fidia kwa atakayedhurika, haki za wakulima waliozitunza mbegu za asili kwa karne nyingi, hatari ya mbegu hizo kuchanganyika. Bunge likazijibu mwaka uliofuata kwa muswada mkali zaidi kuhusu dhima. Sikubaliani na kila sababu aliyoitoa, lakini zilikuwa kwenye karatasi, kwa jina lake, na ziliweza kujibiwa.

Kuandika huko ndiko kunakokosekana kwetu, na ubaya wake hauko Afrika peke yake. Mwaka 1989, jopo la wataalamu lililoongozwa na Richard Southwood liliiambia serikali ya Uingereza kwamba uwezekano wa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe kumwambukiza binadamu ni mdogo sana, likaongeza kwamba kama makadirio hayo ni makosa, matokeo yatakuwa mazito mno. Mawaziri waliibeba sentensi ya kwanza. Mwaka uliofuata waziri wa kilimo alimpa binti yake mdogo baga mbele ya kamera kuonyesha kwamba nyama ni salama. Machi 1996 serikali ililazimika kulieleza Bunge kwamba vifo vya vijana kadhaa huenda vilitokana na ugonjwa huo. Wataalamu walikuwa wameacha mlango wazi katika maandishi yao. Siasa iliufunga kwa niaba yao, na lawama ikawaangukia wote. Labda ni kwa kumbukumbu ya aibu kama hiyo kwamba mwaka 2020, katikati ya korona, Uingereza ilianza kuchapisha kumbukumbu za vikao vya jopo lake la kisayansi, ili raia aone ushauri ulikomea wapi na uamuzi wa waziri ulianzia wapi.

Rufaa itakaposikizwa, natamani mawakili wa pande zote wadai karatasi za namna hiyo. Baraza la Mawaziri liliwauliza wataalamu maswali gani, kwa maneno yapi, na walijibu nini, pamoja na yale waliyosema hawana uhakika nayo? Kisha, kando ya karatasi hiyo, iwepo ya pili yenye saini ya waziri: nimeusikia ushauri huu, nimeupima pamoja na bei ya gunia, ahadi zetu kwa wakulima na njaa ya Turkana, na nimeamua hivi. Karatasi ya kwanza mwananchi ataisoma na kuiamini kwa kadiri ya ubora wa kazi iliyofanyika. Ya pili ataibishia, kama anavyobishia kodi na barabara, na hakuna mtafiti atakayetukanwa kwa ajili yake.

Na karatasi zote mbili ziwe na tarehe ya kurudiwa. Kama marufuku ya Novemba 2012 ingekuwa na kifungu kimoja tu, kwamba ipitiwe upya baada ya miezi 12, siku hiyo ingeangukia mwezi ule ule ambao jarida lilikuwa linaufuta utafiti uliotumiwa kuihalalisha.